Wapagazi Waliokwenda Vitani na Mchungaji Wao

Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni

  

Somo letu la leo ni mstari mmoja tu, katika Injili ya Marko, sura ya 15, mstari wa 21. Wale mlio na Biblia karibu mtausoma wenyewe. Marko anatupa habari za mtu mmoja wa Kirene, jina lake Simoni. Mtu huyu alikuwa anatoka shamba, anapita zake njiani, wala hakuwa na habari na mashauri ya Pilato. Askari wakamkamata, wakamshurutisha auchukue msalaba wa Yesu. Basi. Habari zake zinaishia hapo. Lakini Marko hakumwacha bila jina. Alituambia jina lake, akatuambia na kwao, akatutajia hata wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Nataka mliweke hilo moyoni, maana tutalirudia.

Sababu ya kulichagua somo hili ni swali niliyoulizwa na bibi mmoja wa kanisa letu. Umri wake umepita miaka 90, na mimi humwita Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu huku Bungoma. Mwezi wa Novemba kila mwaka tunakuwa na ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Mwaka mmoja, baada ya ibada, Kukhu alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Mchungaji, mwanangu, hawa mnaowakumbuka ni kina nani? Baba yangu alichukuliwa Kariakoo pamoja na ndugu yake mkubwa. Baba alirudi. Ndugu yake hakurudi. Mbona sijasikia jina lake kanisani hata siku moja?"

Nilimjibu maneno ya haraka haraka, kama sisi wachungaji tunavyofanya tukiwa na watu wengi wa kusalimia. Halafu nikaona haya. Nikaanza kusoma, na katika kusoma nikakutana na habari za kikosi kimoja cha Wakristo kilichodumu muda usiofika hata mwaka mmoja, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wetu hatujapata kusikia habari zake. Leo nataka niwaeleze juu ya kikosi hicho, na kwa nini nadhani kinatuhusu sisi watu wa huku magharibi, ingawa hakikuwa chetu.

Kwanza tuikumbuke vita yenyewe. Ilianza Ulaya mwishoni mwa Julai 1914, na mara moja ikavuka ikafika kwetu, kwa kuwa Waingereza walitawala upande huu na Wajerumani walitawala nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Mkuu wa jeshi la Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hakuwa na askari wengi. Shauri lake lilikuwa kuwakimbiza Waingereza huku na huku porini ili wasipate nafasi ya kupeleka nguvu zao Ulaya. Akafaulu. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha kule Ulaya, naye alifanya hivyo mbali sana, katika mji wa Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Jeshi linalomfuata mtu wa namna hiyo litakula nini? Reli ni mbili tatu tu. Barabara za magari hakuna. Farasi, punda na ng'ombe wanakufa kwa ndorobo. Kinachobaki ni kichwa cha mwanadamu. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilipelekwa mbele juu ya kichwa cha mtu.

Na mtu huyo naye ana tumbo. Tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa shuleni. Mpagazi amebeba ratili 50 za unga. Akila ratili 2 kwa siku, mzigo wote utakwisha kwa siku 25, hata kama hajampa askari kijiko kimoja. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekwisha kula ratili 40, na aliyoifikisha ni 10 tu. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo walivyohitajiwa wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Ndiyo maana hesabu ya watu ilipanda bila kikomo. Kutoka nchi yetu peke yake walichukuliwa zaidi ya watu 150,000.

Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wazee wetu walilitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Ukienda Nairobi utakuta soko la Kariakor, na ukienda Dar es Salaam utakuta Kariakoo. Watu hununua nyanya na viatu hapo kila siku, na wachache tu wanajua kwamba jina hilo ni la wapagazi waliokaa kambini mahali hapo.

Huko hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, na kichomi, na homa ya malaria, na njaa. Mtu aliyezoea kula wimbi, mtama na viazi vitamu alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Alifika kambini usiku amechoka, mvua inanyesha, kuni zimelowa. Akaupika nusunusu akala. Tumbo lake likakatika. Kesho yake akabebeshwa tena. Mama zetu mnaonisikiliza mnajua ugali usioiva unavyomfanyia mtoto. Basi huo, zaidi ya bunduki, ndio uliowamaliza wanaume wazima kwa maelfu. Kwa hesabu ya wakubwa wenyewe waliokufa walizidi 40,000, na wanaochunguza historia wanaamini kwamba, tukiwahesabu wapagazi wote wa upande wa Waingereza kutoka nchi zote, idadi inakaribia 100,000.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi, na majeshi yalikuwa yamekwama kusini, karibu na mto Rufiji. Wakubwa wa jeshi wakataka wapagazi wengine wengi sana, upesi. Serikali ikamweka Bwana John Ainsworth kuwa msimamizi wa kuwatafuta. Wazee wa Nyanza walimjua sana mtu huyu, kwa maana alikuwa amekaa Kisumu miaka mingi akiwa mkuu wa mkoa, na Bungoma siku hizo ilikuwa chini ya mkoa huo. Machifu wakapewa hesabu ya watu wa kutoa. Usiku watu wa chifu walizunguka nyumba, asubuhi kijana yuko njiani kwenda Mumias, na kutoka huko kwenda Kisumu kupanda gari la moshi, maana reli ilikuwa haijafika huku kwetu. Mshahara wake ulikuwa rupia 5 kwa mwezi. Nyanza ndiyo iliyotoa watu wengi kuliko mkoa mwingine wowote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kikosi chenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia huko Limuru, tulikuwa na desturi ya kutembelea makanisa ya karibu. Safari moja tulikwenda Thogoto, Kikuyu, mahali ambapo Kanisa la Scotland lilianzisha misheni yake. Mzee aliyetutembeza alituonyesha hospitali na kanisa, akatupa habari za Daktari John Arthur, aliyefika hapo mwaka 1907, akawa tabibu na mchungaji pamoja. Ninakiri kwamba siku ile nilifikiri zaidi habari ya chakula cha mchana. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba hapo Thogoto nilikuwa nimesimama karibu kabisa na jibu la swali la Kukhu.

Hadi mwaka ule vijana wa misheni hawakuguswa sana. Waliokuwa wanasoma, walimu, mafundi na wauguzi waliachwa kwa kuwa walikuwa chini ya wamisionari. Sasa Serikali ilisema kila mtu aingie katika hesabu. Wamisionari wakajua kwamba vijana wao watachukuliwa mmoja mmoja na kutawanywa katika makundi ya wapagazi, na wakiugua hakuna atakayewajua. Ndipo Daktari Arthur alipowaita wasomaji na kuwaeleza hatari iliyo mbele yao. Akawaambia kwamba yeye mwenyewe atakwenda, na atakayetaka afuatane naye.

Wakaja karibu 2,000. Walitoka katika misheni ya Scotland, na ya kwetu ya C.M.S., na ya African Inland Mission, na nyingine za upande ule. Kikosi kikaitwa Kikuyu Mission Volunteers, yaani Wajitoleaji wa Misheni za Kikuyu. Daktari Arthur akapewa cheo cha kapteni. Wakafunzwa kwa muda mfupi, na katika mwaka huo huo wa 1917 wakapelekwa kusini, katika nchi ya Wajerumani. Hawakuchukua bunduki. Walichukua mizigo kama wapagazi wengine wote, ila walikuwa pamoja, na wasimamizi wao walikuwa watu wanaowajua kwa majina.

Na tuseme kweli juu ya neno hili kujitolea. Je, mtu amejitolea ikiwa mlango mmoja ni kwenda na mchungaji wake na mlango wa pili ni kukamatwa usiku na watu wa chifu? Mlango wa tatu ulikuwapo, lakini si wa kila mtu. Kijana mmoja aliyekuwa amesoma Thogoto na kujifunza useremala hapo aliuona. Alikwenda Narok kukaa na jamaa zake wa Kimasai mpaka hatari ipite. Baadaye sote tulimjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Mimi siwezi kumlaumu aliyekimbia, wala siwezi kuwaita waliokwenda kuwa wajinga. Simoni Mkirene naye alishurutishwa, na hata hivyo msalaba aliubeba mpaka mwisho wa njia. Mtu aliyelazimishwa bado anaweza kuchagua jinsi atakavyoubeba mzigo wake na jinsi atakavyomtendea aliye mbele yake amechoka.

Kwa nini basi nasema kikosi hiki kinatuhusu? Kwa ajili ya jambo moja. Katika Kikuyu Mission Volunteers waliokufa walikuwa wachache sana kuliko katika makundi mengine ya wapagazi. Nchi ilikuwa ile ile, na mvua, na mbu, na unga pia. Tofauti yao ilikuwa ndogo, tena ya kawaida kabisa. Kapteni wao alikuwa daktari, tena daktari aliyewajua. Mtu alipougua alionekana. Chakula kilisimamiwa kikaiva. Walielewana lugha, wakaamka pamoja na kulala pamoja, na aliyelegea njiani alikuwa na ndugu wa kumwuliza, "Unaona nini mwilini?"

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi usiku. Likiwa jema kwa upande mmoja, kwa upande wa pili linauma. Maana ikiwa uangalizi wa namna hiyo uliweza kuokoa watu, basi wale maelfu wengine hawakufa kwa kuwa Afrika ni nchi ya homa, kama wakubwa walivyopenda kuandika. Walikufa kwa sababu hakuna aliyewajibika kwao. Vijana wa Bungoma waliochukuliwa mwaka ule ule walikuwa na wachungaji wachache mno. Injili ilikuwa bado changa huku. Marafiki walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902, sisi wa C.M.S. tulikuwa Maseno tangu 1906 na Butere tangu 1912, na zaidi ya hapo vijiji vingi vilikuwa havijapata hata mwalimu mmoja wa kufundisha kusoma. Hakuna aliyesimama mbele ya kundi la vijana wa Bungoma akasema, "Mkienda ninyi, nami nakwenda."

Wako watakaosema kwamba Kanisa liliwaokoa walio wake likawaacha wengine. Mimi nadhani lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Daktari Arthur hakuweza kuwachukua watu 150,000, hilo ni wazi. Lakini Kanisa lingeweza kupaza sauti zaidi juu ya wale ambao hawakuwa wasomaji, na kwa wakati ule sauti hiyo haikuwa kubwa.

Hebu niwape na habari nyingine inayofanana na hii. Kule Unguja alikuwako askofu wa Kianglikana, Frank Weston. Mwaka 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walifanya mkutano Kikuyu kutafuta umoja, na mwisho wake walishiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskochi. Askofu Weston alikasirika mno. Aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwamba wamekosa katika imani, na ugomvi huo ukavuma mpaka Uingereza. Basi mwaka 1916, jeshi lilipotaka wapagazi kutoka Unguja, askofu huyo huyo alikusanya watu wake, akapewa cheo cha meja, akawaongoza kwa miguu katika nchi ya bara. Mwaka uliofuata Daktari Arthur, mwenyeji wa ule mkutano alioulaani, akafanya vile vile. Wawili hawa walikuwa hawawezi kukubaliana juu ya Meza ya Bwana, lakini kila mmoja alilala kambini na wapagazi. Mungu anisamehe, lakini kila ninaposikia ugomvi wa madhehebu yetu hapa Kitale juu ya nani aketi wapi katika mkutano wa sala, huwa nawakumbuka watu hao.

Kikosi cha Misheni kilirudi mwanzoni mwa mwaka 1918, kikavunjwa, na watu wakaenda makwao. Kilikuwa kimekwisha. Mwezi wa Julai mwaka huo misheni zile zilikutana tena Kikuyu, zikafanya umoja wao wa kazi, na ni umoja huo uliofungua shule ya Alliance mwaka 1926. Wengi waliosoma pale waliinuka wakawa viongozi wa nchi hii. Watu waliokwisha kubeba mizigo katika njia moja hawakuona taabu kuketi katika darasa moja.

Sasa nije hapa Kitale, kwa kuwa wasikilizaji wa Kitale wanaweza kuniuliza, sisi tunaingiaje?

Wazungu nao walikuwa na vikosi vyao vya kujitolea vilivyodumu muda mfupi. Mwezi wa Agosti 1914 walowezi walikimbilia Nairobi na bunduki zao za kuwindia simba, kila mtu na farasi wake, wakafanya kikosi cha East African Mounted Rifles. Makaburu wa Uasin Gishu walikuja na kundi lao. Walipigana Longido mwezi wa Novemba mwaka ule, na baada ya muda kikosi kikapungua mpaka wakabaki wachache, wengine wamekufa, wengine wamehamishwa kuwa maofisa mahali pengine. Sitaki kuwadharau. Nao walikuwa na mama zao.

Lakini tazameni mambo yalivyokuwa baada ya vita. Mwaka 1919 Serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba askari waliopigana. Majina yakatolewa kwa bahati nasibu Nairobi. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa hapa Trans Nzoia. Mji wa Kitale ulianza kukua wakati huo, na reli ikafika mwaka 1926 kuchukua mahindi. Aliyekuwa askari wa Kizungu aliweza kupata shamba. Mpagazi Mwafrika hakupata hata ekari moja kwa sababu ya kubeba. Alichokipata kuanzia mwaka 1920 ni kipande cha kuvaa shingoni, na kodi iliyopanda. Mwaka 1921 walowezi wakapunguza mishahara kwa theluthi moja. Wako watoto wa wapagazi wa Bungoma waliopanda kilima kuja Trans Nzoia kulima mahindi kwa mshahara, katika mashamba yaliyotolewa kuwa shukrani ya vita ambayo baba zao waliibeba kichwani.

Na mishahara ya marehemu je? Wapagazi wengi walikufa bila mtu kujua jamaa zao wako wapi. Karatasi ziliandikwa ovyo, majina yakakosewa, vijiji vikachanganywa. Fedha zao zikabaki bila mwenyewe. Ainsworth yule yule, na Oscar Watkins aliyekuwa mkuu wa wapagazi, walisema kwamba fedha hizo zitumike kwa faida ya watu walikotoka marehemu. Kwa miaka mingi waliisumbua Serikali juu ya jambo hili. Uingereza ilikataa.

Hapo sauti ya Kanisa ilianza kusikika kidogo. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa amri kwamba maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Daktari Arthur, wakaandika waraka wa kueleza hatari yake. Nami nitasema nilivyousoma, waraka huo ulikuwa laini mno, maana haukuikataa kazi ya lazima yenyewe. Aliyeikataa waziwazi ni Askofu Weston wa Unguja. Alisafiri na kuandika na kuitaja kuwa ni utumwa. Huku kwetu nako, mwezi wa Desemba 1921, vijana waliosoma Maseno waliitisha mkutano mkubwa Lundha, katika Gem, kulalamika juu ya kodi, kipande na kambi za kazi. Mwendo wao uliitwa Piny Owacho. Padri wetu Archdeacon Owen akaingia kati, na mwaka 1923 ukawa chama cha walipa kodi wa Kavirondo, Wajaluo na Waluhya pamoja. Wengine wanasema Owen aliwatuliza, wengine wanasema aliwalinda. Yote mawili yaweza kuwa kweli.

Yabaki majina.

Ukifika Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, utaona sanamu za shaba za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ziliwekwa mwaka 1928. Chini yake yameandikwa maneno ya kuwasifu kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Hakuna jina hata moja. Mzungu aliyekufa katika vita hiyo hiyo alipewa jiwe lake, na jina lake, na cheo chake. Mpagazi alipewa sanamu moja kwa watu wote. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa yake yenyewe na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hesabu inaweza kufika 350,000. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo.

Nilipokwisha kusoma habari hizi nilimrudia Kukhu nyumbani kwake, ng'ambo ya Chwele. Tulikaa chini ya mti nikamweleza yote, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Lubukusu. Alisikiliza akinyamaza. Nilipofika kwenye habari ya unga usioiva akatikisa kichwa, akasema baba yake hakutaka uji mbichi umkaribie mpaka alipokufa. Mkewe aliupika mara mbili. Nyumbani walidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Halafu aliniuliza, "Na Simoni wako huyo, jina lake limeandikwa?"

Nikasema, "Limeandikwa, Kukhu. Na la wanawe."

Basi, ndugu msikilizaji, nina ombi, nalo si kubwa. Ibada yetu ya ukumbusho ni Jumapili ya pili ya Novemba, kama kawaida. Kama katika jamaa yenu kuna mzee aliyechukuliwa Kariakoo, aliyerudi na asiyerudi, waulizeni wazee walio hai kabla hawajatuacha. Ulizeni jina lake la ukoo, na jina la baba yake, na kijiji alichotoka, na rika lake la tohara, maana kwa rika tutaweza kuujua umri wake. Wapagazi walipewa vibati vya namba. Kama kuna kimoja kimefichwa katika sanduku la nyanya, kileteni tukinakili namba, kisha mrudi nacho nyumbani. Hatutabakia na kitu cha mtu. Leteni kwa mchungaji wa kanisa lolote lililo karibu nanyi, awe Mwanglikana au Mrafiki au wa Pentekoste, nasi tumekwisha kuzungumza na wachungaji wenzetu wa Kitale na Bungoma ili orodha iwe moja.

Nimenunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Jina la kwanza katika ukurasa wa kwanza ni la baba mkubwa wa Kukhu. Alinitajia polepole, herufi kwa herufi, kisha akanifanya nimsomee mara tatu aone kama nimeliandika sawasawa.

Bwana awe nanyi. Tutaonana tena wiki ijayo, saa hizi hizi.